Kanga Watano, Kisutu Kimoja

Mavyaa hufungua sanduku lake mara moja kwa mwaka, masika yakishakatika na upepo wa kipupwe ukianza kukausha kuta. Kila kilicholala humo hutolewa kipate hewa: kanga, mitandio, kanzu mbili za marehemu baba mkwe, vitambaa vya meza vilivyofumwa kwa mkono. Tunakaa ghorofa ya tatu katika majumba ya Michenzani, kamba zetu ziko roshani, na siku ya kuanika roshani yetu huonekana kutoka barabarani kama jahazi lililotweka matanga ya kila rangi. Harufu ya udi na karafuu hushuka mpaka kwa majirani wa chini, nao hujua bila kuambiwa kwamba leo Bi Mkubwa kafungua sanduku.

Mwaka huu siku hiyo iliangukia Jumamosi, na Jumamosi ndiyo siku binti yetu anapopiga picha za biashara.

Nianze na hiyo biashara, maana asiyeijua hawezi kufahamu kilichotupata. Mume wangu ni mchoraji wa Tingatinga. Kazi alijifunza Dar es Salaam, Oyster Bay, kwa mafundi wa ule ushirika. Mwanzilishi wa uchoraji huo, Edward Saidi Tingatinga, alikuwa mtu wa Tunduru. Alianza kuchora mwaka 1968, juu ya vibao vya mraba, kwa rangi zile za kupakia baiskeli, na mwaka 1972 akauawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Miaka minne tu. Mume wangu huihesabu miaka hiyo kwa vidole anapowaeleza vijana wanaokuja kujifunza kwake, kisha hunyamaza, kwa sababu yeye mwenyewe anachora mwaka wa ishirini na tano sasa na bado anajiona mwanafunzi wa mtu yule.

Kazi zake aliziuza Mji Mkongwe, kwenye kichochoro ambacho watalii hupita wakitoka Forodhani. Mwaka 2020 watalii walipokatika kwa sababu ya korona, kichochoro kile kilikuwa kimya hata sauti ya viatu vyako mwenyewe inakushtua. Tulikaa miezi mitatu bila kuuza hata kipande. Hapo ndipo binti yetu, wakati huo bado mtoto, alipochukua simu ya baba yake akafungua ukurasa Instagram, akapiga picha tembo mmoja, akaandika bei. Tembo akanunuliwa na mtu wa Arusha kabla ya Magharibi.

Tangu siku hiyo tumejifunza mengi, na karibu yote tumejifunza kwa kuharibu. Rangi ya mafuta inang'aa. Ukipiga picha kwa taa ya simu, katikati ya chui kunatokea jua jeupe. Sasa tunapiga asubuhi mapema, dirishani, mwanga ukiwa umelala. Tumejifunza pia kwamba rangi ile hukauka juu kabla haijakauka chini. Mwezi wa Aprili mwaka juzi tulimpelekea mteja wa Hamburg picha ya twiga, tukaikunja na magazeti ndani ya bomba la plastiki, tukaona tumefanya kazi ya maana. Masika, unyevu, wiki mbili njiani: twiga alifika na herufi za gazeti zimemganda shingoni. Mume wangu alirudisha fedha yote, akakaa siku mbili hakugusa brashi. Halikuwa suala la fedha. Kwake, mtu wa mbali sana alikuwa amefungua bomba lile kwa furaha na akakuta aibu yetu.

Upande wangu ni vitu vya zamani. Nilianza na vikombe vya kahawa na mabirika ya shaba, vitu ambavyo watu wa Ng'ambo walikuwa wakinipa ovyo nikiwaambia natafuta. Halafu Mavyaa mwenyewe, siku moja baada ya chakula, akaniwekea mapajani kanga tano zilizokunjwa. "Hizi sizivai tena," akaniambia. "Wauzie wanaozitaka."

Wanaozitaka wako wengi, na wengi wao hawako hapa. Mwenye macho anaijua kanga ya zamani kwa kuishika: pamba yake ni laini, imezoea mwili, pindo limeshonwa kwa mkono kwa mishono midogo kama mchele. Zile za zamani sana zina maneno ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kwa sababu ndizo herufi walizosoma mabibi zetu chuoni. Kanga za enzi hizo zilichapwa India, Uingereza, Uholanzi, na baadaye Japani, zikashushwa Zanzibar na Mombasa. Tanzania ikaja kuchapa zake kwenye kiwanda cha Urafiki, Ubungo, kilichofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China. Nikiandika hayo chini ya picha, ujumbe huanza kuingia: dada aliyezaliwa Leicester anatafuta kanga kama ya bibi yake, fundi wa nguo wa Nairobi anatafuta michoro, na zaidi ya wote, watu wa Muscat. Wazanzibari wengi waliondoka baada ya Mapinduzi ya 1964, na tangu 1970, Sultan Qaboos aliposhika utawala, wengi wao wakaenda kujenga maisha Oman. Kule wajukuu wanazungumza Kiswahili jikoni, na harusini wanataka kanga iliyotoka Unguja.

Kwa hiyo ukurasa ni mmoja, picha za mume wangu na nguo zangu pamoja. Sikuwahi kuona ubaya wake. Nyumba ni moja, sufuria ni moja, kwa nini kurasa ziwe mbili?

Jumamosi hiyo mume wangu alikuwa amemaliza kazi iliyomchukua siku kumi na moja. Ilikuwa picha ya kanga watano, ndege, wakinywa maji kwenye kidimbwi. Wazee wanasema nguo ya kanga ilipata jina kwa ndege huyu, kwa vile nguo za mwanzo zilikuwa na madoadoa meupe kama manyoya yake, na mume wangu alikuwa ameyaweka madoadoa hayo moja moja kwa ncha ya kijiti, mamia kwa mamia. Nasema bila kusita kwamba ni kazi bora aliyowahi kuifanya.

Binti yetu alitaka kitu cha kuweka nyuma ya picha. Ukuta wetu umefifia rangi ya maji ya majani makavu, unaua kila kitu. Akaangalia kamba ya roshani. Mwisho kabisa, nyuma ya kanzu za babu yake, palining'inia kisutu.

Kisutu hukijua kila mtu wa pwani: wekundu, weusi na weupe, nguo ya bibi harusi. Kanga nyingine zina jina, yaani yale maneno chini ya mji, ile sehemu ya katikati. Kisutu hakina jina. Ndiyo kanga iliyonyamaza. Binti alikishusha kwa adabu, akakitandaza ukutani kwa pini nne, akaegemeza picha ya ndege katikati. Nilipita na ndoo mkononi, nikaona wekundu ule ulivyowafanya ndege wale watembee, nikasema, "Mashaallah, hapo ndipo." Maneno hayo niliyasema mimi, kwa kinywa changu, na kila nikiyakumbuka moyo hunigonga.

Kilikuwa na doa. Pembeni, penye weupe karibu na pindo, palikuwa na doa la rangi ya chai, kadiri ya kiganja. Binti alikipindua kidogo ili doa lijifiche nyuma ya ubao wa picha. Kisha akaandika: "KANGA. Kazi safi, ipo moja tu. Laki tatu."

Lugha yetu inawatofautisha ndege na nguo kwa kiambishi tu. Kanga wanauzwa, hao ni ndege. Kanga inauzwa, hiyo ni nguo. Binti alipoandika "ipo" alikuwa na picha akilini mwake, kazi ya baba yake. Mtu aliyekaa Muscat, akaona kisutu cha zamani kimejaza kioo cha simu kutoka pembe hadi pembe, yeye "ipo" aliisoma kama ilivyoandikwa. Angeandika "kanga watano wanakunywa maji" nisingekuwa na kisa cha kusimulia.

Ujumbe ulikuja saa saba mchana. Haukuwa na maswali. "Naichukua. Mpwa wangu yuko Unguja, anasafiri leo usiku, atapita jioni. Nimeshamwambia alipe." Dakika chache baadaye laki tatu ziliingia kwenye simu ya mume wangu. Alisujudu pale pale chumbani. Kisha akaizungushia picha karatasi, maana rangi ilikuwa haijawa ya kukunjwa, akaisimamisha nyuma ya mlango, akaenda mjini kununua rangi na kitambaa kwa sehemu ya fedha ile.

Jioni ikatutawanya. Mimi nilikuwa harusini Bububu. Mavyaa alikwenda kwenye hitima Kikwajuni. Binti alikuwa twisheni. Nyumbani alibaki wifi yangu peke yake, dada yake mume wangu, ambaye alikuwa amekuja kutoka Makunduchi kulala siku mbili, na ambaye ndiye aliyekuwa amevishusha vitu kwenye kamba, pamoja na kile kisutu ukutani, akavirundika juu ya kiti vikisubiri kukunjwa na mwenyewe.

Kijana akabisha hodi. Wifi akampigia simu binti yetu, binti akajibu kwa kunong'ona ili mwalimu asisikie: "Mpe ile kanga, shangazi, keshalipa." Wifi akamuuliza kijana ni ipi. Kijana akafungua simu, akamwonyesha. Na kwenye simu palikuwa na nini? Kisutu.

Wifi yangu ameniambia baadaye kwamba aliduwaa. Alikijua kisutu kile tangu utoto. Kila mwaka alikiona kwenye kamba, na kila mwaka mama yake alikirudisha chini kabisa ya sanduku. Lakini alijua pia kwamba mama yake alinipa kanga za kuuza, na kwamba nimeziuza. Akasema moyoni: basi Mama amekubali na hiki pia, nami nani wa kuuliza, sikai hapa. Akakikunja. Akakitia kwenye mfuko. Kwa uchungu aliokuwa nao hata hakutazama nyuma ya mlango.

Sijawahi kumlaumu. Nyumba ambayo vitu vyake vimeanza kuuzwa humfanya kila mtu aogope kuuliza, kwa sababu swali huonekana kama wivu.

Mavyaa alirudi baada ya Magharibi. Akaketi kitandani, akaanza kukunja, na kila akikunja alihesabu kwa kugusa, hahitaji macho. Mimi nilikuwa nimeingia, bado nina maua ya asumini nywelini, namsimulia harusi. Akasimama mkono hewani.

"Kisutu changu kiko wapi?"

Wifi akatoka jikoni na mwiko. "Si mmekiuza, Mama?"

Mavyaa hakupiga kelele. Angepiga kelele ningepumua. Alikaa na kanzu ya marehemu mumewe mapajani, akaitazama kana kwamba anaiuliza yeye. Mume wangu alikuwa ameshaufungua mlango, ameona karatasi na picha yake vimesimama pale pale, akaelewa kabla yetu sote. Hakuvaa hata viatu vya maana. Alichukua bodaboda mpaka uwanja wa ndege, Kisauni, akamwomba askari mlangoni, akampigia kijana simu mara kumi na tisa. Simu ilikuwa imezimwa. Akasimama nje ya ukuta akasikia ndege ikipaa.

Binti alikuwa akilia huku anaandika. Nikamnyang'anya simu, nikarekodi sauti mwenyewe, nikaeleza kila kitu: ndege, nguo, ukuta, kiambishi. "Mama yangu," nikamwambia mtu nisiyemjua, "tafadhali usikiguse, kiache kama kilivyo, tutakurudishia fedha yako na nauli ya kukileta." Alama moja ikatokea: ujumbe umetoka, haujafika. Nilikaa na simu ile mkononi mpaka alfajiri, na alama ilikuwa moja.

Usiku huo Mavyaa alituita. Alikuwa amekaa juu ya mswala, taa ndogo imewashwa. Akamwambia mume wangu, "Wewe si mtoto wangu wa kwanza."

Mume wangu ana miaka hamsini na mbili. Alikaa chini kama mtoto.

Aliolewa mwaka 1966, akatusimulia. Kisutu kile mama yake alikinunua Darajani, akamvika siku ya harusi. Mwaka uliofuata alijifungua mtoto wa kiume, nyumbani, kwa mkono wa mkunga wa mtaani. Mkunga akamkanda mtoto kwa mafuta ya nazi tangu utosini, akamfunga ndani ya kisutu, na kichwa chake kikalala pale pembeni, penye weupe. Aliishi siku tisa. Hapakuwa na picha. Nani alikuwa na kamera? Kaburi lake halina maandishi. Majirani waliokuja kumpa pole wamekwisha wote. Mafuta yakabaki kwenye nguo, mwaka baada ya mwaka yakageuka rangi ya chai. "Sikukifua hata siku moja," akasema. "Nikikifungua, namwona alipolaza kichwa."

Hakuna aliyesema neno. Binti yangu, aliyelificha doa lile nyuma ya ubao kwa sababu linaharibu picha, alikwenda akaweka kichwa chake mapajani kwa bibi yake.

Jibu lilikuja siku ya pili baada ya Adhuhuri. Zilikuwa sauti mbili. Ya kwanza alikuwa ameirekodi kabla hajasikia yangu, na furaha yake ilikuwa furaha safi ya mtu aliyepokea kitu alichokitafuta muda mrefu. Kisutu alikitaka kwa harusi ya binti yake. Mama yake mzazi aliolewa Unguja na kisutu kama kile, na cha kwao kilipotea walipohama. "Kimefika, alhamdulillahi. Kulikuwa na doa kubwa pembeni, kwenye picha sikuliona, lakini msijali hata kidogo, silalamiki. Nimekiloweka kwa maji ya moto na dawa ya madoa, nikalisugua kwa mkono wangu. Limetoka lote. Sasa ni kama kipya."

Ya pili ilikuwa kilio. Hakuwa na maneno mengi. Alisema kitarudi na mtu wa kwanza atakayesafiri, na akaomba radhi za Bi Mkubwa, mara tatu, nne.

Nimelifikiria doa lile usiku mwingi. Wafanyabiashara wa vitu vya zamani tunafundishana kuwa wakweli: onyesha ufa wa kikombe, onyesha kutu, onyesha tundu la nondo, mnunuzi asije akasema umemdanganya. Mimi mwenyewe nimewafundisha wanawake wawili wa mtaa huu hivyo hivyo. Lakini siku zote tuliliita doa kasoro. Tuliliandika ili bei iteremke. Hatukuwahi kuliandika kama jambo lenye mwenyewe, jambo ambalo huenda ndilo sababu ya kitu kutunzwa miaka karibu sitini. Mama wa Muscat hakukosea. Alikipokea kitu kilichong'olewa kwenye maelezo yake, na akakitendea wema kama alivyoweza. Sisi ndio tuliokipeleka bubu.

Tena kwa nguo hii hasa! Kanga zenye maneno hujitetea kidogo, mtu husoma akaambulia chochote. Kisutu kisicho na jina humtegemea aliyekitunza peke yake, na aliyekitunza tulimwacha aende zake hitimani bila kumuuliza neno.

Mama wa Muscat fedha yake hakuitaka. Alisema, kama kwenye picha kweli kulikuwa na ndege, basi apewe ndege. Alifungua tena ukurasa wetu, akawatazama vizuri kwa mara ya kwanza, akasema anawakumbuka kanga kwa simulizi za shamba la babu yake upande wa Dunga. Mume wangu aliiweka kazi ile dirishani wiki tatu kamili, akiigusa kwa nyuma ya kidole kila asubuhi, mpaka alipokuwa na hakika kwamba rangi imekauka mpaka chini. Haikukunjwa. Ilisafiri ndani ya sanduku la mbao ililotengenezewa, na nyuma yake aliandika kwa mkono: kanga, ndege, watano.

Mimi nimenunua daftari la kurasa mia moja. Kabla ya kupiga picha kitu chochote nakaa na mwenyewe. Nauliza kilinunuliwa wapi, nani alikuwa hai, kilivaliwa siku gani, na hili limetoka wapi, na hili. Bibi mmoja wa Kisiwandui aliniletea mitandio sita, tukakaa saa tatu, akaondoka nayo yote sita. Sikuona hasara. Mwingine wa Miembeni aliuza kanga yake ya Japani baada ya kunisimulia alivyoipata, na simulizi ile, kwa idhini yake, niliiandika chini ya picha. Aliyeinunua alituma ujumbe kusema ameisoma kwa mama yake kitandani. Kurasa nazo sasa ni mbili. Binti anaandika viambishi kama anayepimwa mtihani.

Kisutu kilirudi mwezi wa Agosti, ndani ya sanduku dogo, kimepigwa pasi, kina harufu ya ubani wa Oman na sabuni. Pamoja nacho kulikuwa na kichupa cha udi na barua ya mkono kwa Bi Mkubwa, ambayo hakutaka tumsomee. Alivaa miwani yake, akaisoma polepole peke yake, akaitia chini ya mto.

Kisha akakitandaza kitandani. Sote tulisimama mlangoni. Weupe ulikuwa mweupe kabisa. Alipitisha kidole pembeni ya pindo, taratibu, kama mtu anayetafuta mlango gizani, akafika mahali, akasimama. Hakubahatisha. Alipoondoa kidole akakirudisha, kilitua pale pale.

"Hapa," akasema.

Mume wangu akasema kwa sauti ya chini kwamba anaweza kupaka rangi, kidogo tu, rangi ya chai, inayofanana. Mavyaa akatikisa kichwa. Akamwita mjukuu wake.

"Nenda kwenye kopo langu la biskuti. Niletee sindano nyembamba na uzi wa rangi ya chai. Si ule mweusi. Na uje unitungie, macho yangu hayaoni tundu."

Binti akaleta. Akalowesha ncha ya uzi kwa ulimi, akatunga mara ya kwanza ukakataa, mara ya pili ukapita. Akamkabidhi bibi yake sindano, akapiga magoti pembeni ya kitanda, akauliza, "Lilikuwa kubwa kiasi gani, Bibi?"

Mavyaa akaushika mkono wa binti yangu, akaufungua, akaulaza wazi juu ya nguo ili aupime.